Huduma ya Kwanza Ianzie Nyumbani kwa Askari



Kila mwaka, Jumamosi ya pili ya mwezi wa Septemba, dunia huadhimisha Siku ya Huduma ya Kwanza. Siku hiyo ilianzishwa mwaka 2000 na Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu. Kalenda ina siku nyingi za namna hiyo, na nyingi hupita kwa hotuba na picha. Jioni hii tunapenda kuuliza swali moja tu. Mtoto wa askari anaposakamwa na punje ya karanga kooni, naye baba au mama askari yuko zamu, ni nani aliye karibu na mtoto huyo, na mtu huyo anajua nini?

Mtoto asiyepata hewa hana saa moja ya kungoja. Ana dakika chache. Katika dakika hizo daktari yuko hospitalini, na gari la wagonjwa, hata likiitwa upesi, lina vilima vya Kigali vya kupanda na kushuka kabla ya kuufikia mlango. Aliyepo ni mama, au bibi, au yaya, au kaka mtu mwenye umri wa miaka 12. Huyo aliyepo ndiye daktari wa dakika za kwanza, apende asipende. Akijua la kufanya, mtoto huweza kupona. Asipojua, huruma yake yote na machozi yake yote hayatamfaa mtoto.

Wanajeshi na polisi wanalielewa jambo hili kuliko raia wengi, kwa sababu elimu ya huduma ya kwanza ilikuzwa na vita. Tarehe 24 Juni 1859, huko Solferino katika Italia ya kaskazini, maelfu ya majeruhi waliachwa uwanjani bila wa kuwahudumia. Mfanyabiashara wa Uswisi, Henry Dunant, aliyaona hayo kwa macho yake, na kutokana na masikitiko yake harakati ya Msalaba Mwekundu ikazaliwa mwaka 1863. Mwaka 1878 maofisa wawili wa jeshi la Uingereza, Peter Shepherd aliyekuwa daktari, na Kanali Francis Duncan, walianza kuwafundisha raia wa Woolwich, karibu na London, yale ambayo hadi hapo yalifundishwa kwa askari. Mwezi wa Januari mwaka uliofuata Shepherd aliuawa huko Isandlwana, Afrika Kusini, siku ambayo jeshi la wavamizi lilishindwa na Wazulu katika nchi yao wenyewe. Vita vile vilikuwa vya dhuluma. Lakini mafunzo aliyoyaanzisha kwa raia yalibaki. Na mwaka 1882 Friedrich von Esmarch, daktari wa upasuaji wa jeshi huko Ujerumani, alifungua shule mjini Kiel ili watu wa kawaida nao wajifunze kufunga jeraha na kuzuia damu.

Funzo la historia hiyo ni wazi. Waliofaidi dunia ni wale askari walioutoa ujuzi huo kambini wakaupeleka katika nyumba za watu. Je, sisi tumeufikisha nyumbani kwetu?

Askari wengi wa Rwanda wamefundishwa kuzuia damu, kumlaza majeruhi kwa ubavu na kumbeba mwenzao. Lakini ujuzi huo, kama bunduki, mara nyingi hurudishwa ghalani zamu ikiisha. Tena askari ni mtu wa safari. Tangu mwaka 2004, vikosi vya Rwanda vilipopelekwa Darfur, maelfu ya wanajeshi na polisi wetu wamehudumu mbali na nyumbani: Sudan Kusini, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na tangu Julai 2021 katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Baba aliyeko Cabo Delgado hawezi kumpiga mwanawe mgongoni aliyesakamwa huko Kanombe. Kinachoweza kubaki nyumbani badala yake ni kile alichokifundisha kabla ya kuondoka.

Pengine mtu atasema kwamba nchi yetu tayari imefanya makubwa kwa watoto. Ni kweli, nasi tunajivunia. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 196 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa mwaka 2014 na 2015 ulikuta wamebaki 50, na ule wa mwaka 2019 na 2020 ukakuta 45. Yaliyoleta badiliko hilo yanajulikana: chanjo, vyandarua, bima ya afya, na wahudumu wa afya wa jamii walioko katika kila mudugudu, ambao humtibu mtoto malaria, nimonia na kuhara karibu na kwao. Lakini hakuna chanjo ya kumzuia mtoto asitumbukie katika pipa la maji. Hakuna chandarua cha kumkinga na sufuria ya maharage inayochemka juu ya jiko la mkaa. Kinga ya hayo ni macho ya mlezi, na tiba yake ya kwanza ni mikono ya mlezi.

Sasa tuyatazame mambo yenyewe, kwa kuwa maneno ya jumla hayaokoi mtu. Jambo la kwanza ambalo askari anapaswa kulijua ni kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Mambo mengine aliyofundishwa kwa ajili ya mwenzake wa kikosini hayafai kufanyiwa mtoto mchanga.

Chukua kusakamwa kooni. Mtoto akiwa anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako. Akiwa hawezi kukohoa wala kulia, na midomo inageuka rangi, hapo usingoje. Aliye chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, ukishika taya lake, kisha mpige mara 5 kati ya mabega kwa kiganja. Kisipotoka, mgeuze chali, umkandamize mara 5 katikati ya kifua, kisha rudia. Mtoto mchanga hakandamizwi tumbo kamwe, maana unaweza kumpasua ini. Aliyezidi mwaka mmoja hupigwa mgongoni mara 5, kisha hukumbatiwa kwa nyuma na kukandamizwa tumbo mara 5, juu ya kitovu, kwa kuvuta ndani na juu. Njia hii ya tumbo ilitangazwa na daktari Mmarekani, Henry Heimlich, mwaka 1974. Mtoto aliyekandamizwa tumbo apelekwe kwa daktari hata kama amepona. Wala usitie kidole kooni kutafuta usichokiona. Utakisukuma ndani zaidi.

Chukua kuzama. Mtoto mdogo huzama katika maji ya kina cha beseni, tena huzama kimya, bila kupiga kelele. Akitolewa, wako watu wanaomning'iniza kichwa chini na kumtikisa ili maji yatoke. Huko ni kupoteza muda wa uhai. Mtu mzima aliyeanguka ghafula, mara nyingi moyo ndio uliosimama kwanza. Mtoto aliyezama amekosa hewa kwanza. Kwa hiyo, kama hapumui, anza na pumzi: mpulizie mara 5, na kwa mtoto mchanga mdomo wako ufunike mdomo wake na pua yake pamoja. Kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, kiasi cha theluthi moja ya unene wa kifua, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kisha pumzi 2. Kisha 30 tena. Askari aliyezoea kuhesabu hatua za gwaride hatashindwa na hesabu hiyo. Endelea mpaka mtoto apumue au msaada ufike.

Chukua moto. Katika nyumba nyingi za Kigali chakula hupikwa juu ya jiko la mkaa lililowekwa chini, sawasawa na kimo cha mtoto anayejifunza kutembea. Akiungua, dawa ni maji baridi ya kawaida, yakitiririka juu ya jeraha kwa dakika 20. Mfereji usipotoa maji, mimina polepole kwa kikombe kutoka katika jerikani. Dakika 20 ni nyingi mtoto akilia, lakini usizipunguze. Mvue nguo na bangili zilizo karibu na jeraha, ila usiibandue nguo iliyogandamana na ngozi. Kisha funika kwa kitambaa safi, uuhifadhi mwili mwingine usipate baridi. Dawa ya meno, siagi, yai, majivu na asali viacheni mahali pake. Vinazuia joto lisitoke, vinaleta uchafu, na daktari hulazimika kuvikwangua kabla ya kutibu. Wala msiyapasue malengelenge.

Na degedege? Mlaze mtoto kwa ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Mtoto akinywa mafuta ya taa au dawa ya kusafishia choo, usimtapishe, kwa kuwa sumu itamuunguza mara ya pili ikipanda, na huenda ikaingia mapafuni. Mpeleke hospitali, na chupa ichukueni pamoja naye.

Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Askari mwema hukagua eneo lake kabla adui hajafika. Basi na akague nyumba yake kwa jicho hilo hilo, akipiga magoti ili aone yale ayaonayo mtoto. Jiko liwe juu au liwekewe uzio, na mkono wa sufuria ugeuzwe ndani. Pipa na tangi vifunikwe, na beseni limwagwe maji likishatumika. Sumu isitiwe kamwe katika chupa ya soda. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba cha kulala usiku wa baridi, maana hewa yake yenye sumu haina harufu na huua familia nzima usingizini. Karanga nzima asipewe mtoto mdogo. Betri ndogo zilizo mfano wa kifungo zifichwe. Mtoto akiimeza moja, aende hospitali saa ile ile, hata kama anacheka. Na watoto wafundishwe kwamba chuma cha ajabu kilichookotwa shambani hakiguswi. Rwanda ilitangazwa kuwa nchi isiyo na mabomu ya ardhini mwaka 2009, lakini aliyewahi kuwa vitani anajua kwamba vita huacha masalio.

Tufanye nini basi? Kwanza, kila askari aliyefundishwa huduma ya kwanza awe mwalimu wa nyumba yake. Amfundishe mkewe, au mumewe, na watoto wakubwa. Zaidi ya wote, asimsahau yaya. Huyo binti tunayemkabidhi mtoto kutwa nzima, ambaye mara nyingi ametoka kijijini juzi, hufundishwa kufua, kupika na kupiga deki. Ni wangapi tumemfundisha jinsi ya kumrudishia mtoto pumzi? Kumlaumu baada ya msiba ni rahisi. Kumfundisha kabla ya msiba kunachukua nusu saa na mwanasesere wa kitambaa.

Pili, majukwaa yako tayari. Umuganda hutukusanya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na Umugoroba w'Imiryango hukusanya wazazi katika mudugudu. Polisi wetu wamekwisha kuonyesha njia kwa kampeni ya Gerayo Amahoro, yaani fika salama, iliyozinduliwa mwaka 2019 ili kufundisha usalama wa barabarani. Polisi aliyeweza kuwafundisha wenye pikipiki na wanafunzi kuvuka barabara anaweza pia kusimama mbele ya wazazi na kuonyesha vipigo 5 vya mgongoni. Mwanajeshi anayejenga nyumba na kutibu raia katika kazi za kujitolea anaweza kuacha na somo hili pia.

Tatu, nambari ziandikwe ukutani, mahali ambapo mtoto wa shule anaweza kuzisoma: 912 kwa gari la wagonjwa la SAMU, na 112 kwa polisi. Mmoja apige simu wakati mwingine anahudumia. Aliye peke yake na mtoto asiyepumua aanze kuhudumia kwanza, na simu aiweke sauti ya juu pembeni.

Hayo yote hayahitaji bajeti kubwa wala mitambo kutoka ng'ambo. Yanahitaji mtu anayejua akubali kumfundisha asiyejua, tena kwa kumwonyesha kwa mikono, kwa sababu maneno ya redio peke yake hayatoshi.

Ndugu wanajeshi na polisi, mmeapa kulinda maisha ya wananchi. Mwananchi mdogo kuliko wote yuko nyumbani kwenu, anatambaa sakafuni, hajui moto ni nini wala maji ni nini. Kabla ya kufunga mkoba wa safari ijayo, kaeni na wale mnaowaacha nyuma, mwajaribu: mtoto akisakamwa sasa hivi, mtafanya nini? Wakijibu sawasawa, nendeni salama. Wasipojibu, safari haijawa tayari.