Sampuli Safi ya Damu: Maelezo kwa Wakazi wa Unyambwa

Mgonjwa mwenye homa kali isiyoisha huweza kuandikiwa hospitalini kipimo cha kuotesha damu. Damu hutiwa katika chupa yenye chakula cha bakteria, ikahifadhiwa kwenye joto kama la mwili, kwa kawaida hadi siku 5, ili vimelea vikue na kutambuliwa.

Shida huanzia kwenye ngozi. Bakteria waishio hapo bila madhara wakiingia pamoja na sindano, nao huota. Mpita njia akadhaniwa mwizi. Mgonjwa hulazwa siku zaidi, hupewa dawa asiyoihitaji, na familia hulipa. Usugu wa vimelea, ambao Tanzania iliuandalia mpango wa kitaifa wa 2017–2022, nao hupata nguvu.

Kinga haina gharama kubwa: mikono ioshwe, mizibo ya chupa ifutwe, ngozi isafishwe kwa spiriti ya asilimia 70 au klorheksidini, iachwe ikauke yenyewe, wala isiguswe tena. Hapo penye kukauka ndipo haraka huharibu kazi.

Mgonjwa naye aeleze mapema kama amekwisha kumeza antibayotiki za dukani, kwani huweza kuzuia vimelea halisi visiote. Na muuguzi akisubiri ngozi ikauke, asihimizwe.