Uza Kabla Hajashindwa Kuinuka

Msikilizaji, leo tuko Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ambako mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022.

Ng'ombe aliyeishiwa nguvu kwa ukame utamjua: mbavu zahesabika, na asubuhi hainuki mpaka ashikwe mkia na pembe. Akifikia hapo, mchuuzi atakupa bei ya ngozi tu, kama atamtaka. Basi mvua zikichelewa, uza madume wangali na nyama. Najua inauma, ndiyo mahari ya kijana, ndiyo heshima ya boma. Lakini okoa majike wanaozaa, kwani kundi likipungua mno familia haiwezi kuishi kwa maziwa wala kuhamia malisho ya mbali, na umaskini hubaki hata mvua ikirudi.

Kuuza mapema si kinga pekee: tangu 2010 bima ya mifugo ipo Marsabit. Setilaiti hupima ukijani wa malisho. Yakikauka kupita kiwango kilichowekwa, unalipwa. Malipo hufuata hali ya eneo zima, si ng'ombe wako mmoja aliyekufa. Mwulize wakala wa bima akueleze hilo kabla hujatoa ada, nanyi akina mama mwulizeni pia.