Nani Mwenye Kalibu? Biashara ya Nakala Rasmi za Vifaa vya Filamu



Nimeombwa kuzungumzia biashara ambayo wengi wetu tunaiona kwa mbali: utengenezaji wa nakala za vifaa vilivyotumika kwenye filamu, zinazouzwa kwa wakusanyaji kwa idhini ya wenye filamu. Sizungumzii midoli ya watoto. Nazungumzia helmeti, panga, pete na fimbo za uchawi zenye ukubwa uleule wa kile kilichoonekana kwenye skrini, zikiwa na bamba lenye namba ya toleo na cheti ndani ya boksi, na bei inayoanzia dola mia na kitu za Marekani hadi maelfu. Mifano yangu mingi nitaitoa kwenye Star Wars. Hiyo ndiyo filamu iliyoikuza biashara hii, na ndiyo iliyoifikisha mahakamani hadi ngazi ya juu kabisa, kwa hiyo mengi yanayofichwa kwenye mikataba ya wengine, kwake yamewekwa hadharani.

Kwanza tuelewe kwa nini nakala zinanunuliwa. Vitu vya asili vimeshapanda bei hadi mtu wa mshahara hawezi hata kuvisogelea. Sanamu ya ndege iliyotumika katika The Maltese Falcon ya mwaka 1941 iliuzwa New York mwaka 2013 kwa zaidi ya dola milioni 4. Desemba 2024, jozi moja ya viatu vyekundu vya Dorothy katika The Wizard of Oz, ambayo ilikuwa imeibwa kwenye makumbusho huko Minnesota mwaka 2005 na kupatikana mwaka 2018, ilinadiwa kwa dola milioni 28, na ukijumlisha ada za mnada ikafika milioni 32.5. Baada ya bei kama hizo, anayependa filamu anabaki na njia mbili: ajitengenezee nyumbani, au anunue kwa mwenye leseni.

Sasa tutazame kwa karibu kitu chenyewe kinachonakiliwa. Upanga wa mwanga wa Luke Skywalker katika Star Wars haukuchongwa na fundi wa panga. Bajeti ilikuwa finyu, na Roger Christian, aliyekuwa akishughulikia upambaji wa seti, aliingia kwenye duka la vifaa vya kamera London akakuta boksi la mishikio ya flashi za zamani za Graflex. Akabandika vipande vyeusi vya plastiki kwenye mshikio ili mkono usiteleze, na pale palipokuwa na kibano akachomeka kipande chenye viputo kilichong’olewa kwenye dirisha la kikokotoo cha mfukoni. Basi, silaha ikakamilika. Ule wa Obi-Wan ni mchanganyiko wa ajabu zaidi: kuna sehemu ya bomu la kurushwa kwa bunduki la Vita Kuu ya Kwanza, kipande cha bomba la injini ya ndege ya Rolls-Royce na kishikio cha koki ya Armitage Shanks, kampuni ya masinki na vyoo. Bastola ya Han Solo nayo ni Mauser ya Kijerumani iliyokodiwa kwa wenye silaha za filamu na kuongezewa vikorombwezo.

Matokeo yake ni kwamba flashi za Graflex, ambazo wapiga picha walikuwa wamezitupa stoo, sasa zinasakwa na wapenzi wa Star Wars kwa mamia ya dola, na wapenzi wa kamera za zamani wananung’unika kwamba mishikio yao inakatwakatwa. Nawaelewa.

Mwenye leseni hawezi kutegemea chakavu za sokoni; lazima aitengeneze upya flashi nzima kama sehemu mpya. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kila fundi wa nakala analijua: unanakili nini hasa? Kilichoko ghalani leo, kikiwa kimevunjika, kimepakwa rangi upya na kukosa skrubu mbili? Au kile ambacho mtazamaji anaamini alikiona? Kwa kawaida kifaa kimoja huwa na matoleo kadhaa. Lipo la kupigwa picha kwa karibu, lililotengenezwa kwa uangalifu, na yapo ya mpira au plastiki ya kuangukia wakati wa mapigano. Mkusanyaji makini anataka kujua ni lipi ulilopima. Helmeti ya Stormtrooper, askari wa Star Wars, ni mfano mzuri: pande za kushoto na kulia hazilingani, kwa sababu umbo lake lilifinyangwa kwa mkono. Kampuni ikiinyoosha kwa kompyuta ili ipendeze, wanunuzi watalalamika kwamba imeharibiwa. Nami nipo upande wao. Anayelipa dola mia tano analipia kosa lile lile la mwaka 1976, si marekebisho.

Leseni ina thamani kwa sababu inafungua mlango wa ghala. Fundi asiye na idhini mara nyingi huanza na nakala ya mtu mwingine: anaimwagia silikoni, anapata kalibu, anamimina resini. Lakini silikoni na resini husinyaa kidogo zinapokauka, na kila kizazi cha kunakili hupoteza ukubwa na ukali wa kingo. Nakala ya nakala ya nakala huishia kuwa ndogo kuliko kichwa kilichokusudiwa kuivaa. Mwenye leseni huweza kuruhusiwa kupiga picha, kupima na kuskani kitu cha asili, na faida hiyo haipatikani dukani.

Pesa zenyewe zinakwendaje? Mikataba ya leseni hutofautiana, ila viungo vyake havibadiliki sana: mrabaha kwa asilimia ya bei ya jumla, malipo ya awali, kima cha chini cha mrabaha ambacho lazima kilipwe hata mzigo usipouzwa, eneo la mauzo, muda, na haki ya mtoa leseni kukagua na kuidhinisha kila hatua. Kipengele kinachoumiza ni kima cha chini. Tuchukue hesabu ya kubuni. Helmeti inauzwa rejareja dola 500, kwa jumla 250. Mrabaha ni asilimia 12, yaani dola 30 kwa kila helmeti. Kima cha chini ni dola 60,000 kwa muda wote wa mkataba. Ili kukifikia lazima uuze helmeti 2,000. Lakini wewe umewaahidi wakusanyaji toleo la namba lisilozidi 1,000, kwa kuwa uhaba ndio unaoleta bei. Utamlipa mwenye filamu dola 30,000 za mrabaha wa helmeti ambazo hukuzitengeneza na uliahidi hutazitengeneza kamwe. Unaziba pengo hilo kwa kuongeza bidhaa nyingine, kila moja ikiwa na kalibu yake, sampuli zake na gharama zake.

Ongezeni suala la idhini. Mchoro unaidhinishwa, sampuli ya kwanza inaidhinishwa, rangi inaidhinishwa, boksi linaidhinishwa, na maneno yaliyo nyuma ya boksi yanaidhinishwa pia. Sura ya mwigizaji ikionekana, yeye naye ana haki zake. Sampuli ikirudishwa mara mbili, miezi imekwenda, na muda wa leseni haukusimama kukungojea. Ndiyo maana kampuni nyingi hupokea fedha za oda kabla bidhaa haijatoka kiwandani. Njia hiyo ni halali na inaeleweka, lakini zimekuwapo kampuni zenye leseni safi kabisa zilizochukua fedha za wateja na kushindwa kuleta mzigo. Nembo ya studio kwenye boksi inathibitisha idhini tu. Haithibitishi kwamba muuzaji ana mtaji.

Master Replicas ya California inafaa kutajwa hapa. Miaka ya mwanzo ya 2000 ndiyo iliyokuwa kinara wa nakala za Star Wars: mishikio ya chuma yenye namba, helmeti, na panga za Force FX zinazowaka na kutoa sauti. Kazi yao ilikuwa nzuri na bado inatafutwa na wakusanyaji. Mwaka 2006 kampuni iliungana na Corgi International, na mwaka uliofuata leseni ya Star Wars ikafika mwisho. Force FX ikaenda kwa kampuni ya Hasbro. Hakuna mwigaji wa uchochoroni aliyewaondoa sokoni. Waliondoka pamoja na leseni, na jina walilokuwa wamelijenga likabaki kwa mtoa leseni.

Mtoa leseni naye hubadilika. Disney ilinunua Lucasfilm, kampuni yenye Star Wars, mwaka 2012 kwa zaidi ya dola bilioni 4. Mwaka 2019 ikafungua Galaxy’s Edge ndani ya bustani zake za California na Florida, na humo kuna karakana ambako mgeni anajiundia upanga wake wa mwanga. Bei ya ufunguzi ilikuwa dola 199.99. Mtoa leseni amekuwa mshindani, na hadaiwi mrabaha na mtu.

Niingie mahakamani sasa. Helmeti ya Stormtrooper ilianza kama michoro na picha za Ralph McQuarrie. Nick Pemberton akafinyanga umbo la udongo. Andrew Ainsworth wa Twickenham, aliyekuwa na mashine ya kufinyanga plastiki kwa joto na mvuto wa hewa na aliyefahamiana na Pemberton, akatoa helmeti za plastiki, kama 50 hivi. Miaka ipatayo 28 baadaye, Ainsworth alianza kuuza helmeti kwa umma. Lucasfilm wakamshtaki Marekani, akakataa kufika, na mwaka 2006 wakapata hukumu ya upande mmoja ya dola milioni 20. Mauzo yake Marekani, ambayo ndiyo chanzo cha kesi, yalikuwa kati ya dola 8,000 na 30,000.

Wakaenda London kukazia madai. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Sheria ya Uingereza iliupa mchongo wa sanaa ulinzi mrefu, lakini kifaa cha matumizi kinachotolewa kwa wingi kilikuwa na ulinzi mfupi ambao ulikuwa umeshakwisha. Kwa hiyo hoja ikawa: je, helmeti ni mchongo? Jaji wa Mahakama Kuu, mwaka 2008, aliandika kwamba rundo la matofali kwenye jumba la sanaa la Tate laweza kuwa mchongo, na rundo lilelile likimwagwa mlangoni kwake si mchongo. Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye mwaka 2009, na Mahakama ya Juu ikamalizia Julai 2011: kazi ya sanaa ilikuwa filamu; helmeti ilikuwa kifaa cha kuitengenezea. Hata hivyo ikaamua kwamba mahakama za Uingereza zinaweza kusikiliza madai ya kukiuka hakimiliki ya Marekani. Ainsworth akabaki huru kuuza nyumbani, na akawajibika kwa zile alizouza ng’ambo ya Atlantiki.

Marekani mambo yako tofauti kabisa. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya huko iliamua kwamba gari la Batman lenyewe ni mhusika anayelindwa na hakimiliki, ikatoa hukumu dhidi ya fundi wa California aliyekuwa akiuza nakala za gari hilo kwa takriban dola 90,000 kila moja. Kitu cha aina ileile ni sanaa upande mmoja wa bahari na ni chombo upande wa pili. Anayetaka kuuza nje aanze kwa kuuliza sheria ya anakouzia.

Sisi hapa tunahusikaje? Tazameni taji la Malkia Ramonda katika Black Panther ya mwaka 2018. Ruth Carter, aliyeshinda Oscar kwa mavazi ya filamu hiyo, alilichukua wazo la isicholo, kofia ya wanawake walioolewa wa Kizulu, na Julia Koerner akalibuni kwa uchapishaji wa 3D. Anayetaka kuuza nakala rasmi ya taji lile atapiga hodi kwa Marvel na Disney. Kwa mafundi wa KwaZulu-Natal waliolirithisha umbo hilo kizazi kwa kizazi, hakuna mlango wa kupiga hodi. Sisemi Carter aliiba. Alifanya utafiti na alieleza wazi alikotoa. Nasema mrabaha hufuata karatasi.

Nasi filamu zetu zinatengenezwa kwa kufahamiana, kama ilivyokuwa Twickenham. Fundi anaitwa kwa simu, anachonga kinyago au ngao, analipwa posho, kalibu inabaki uani kwake. Katika kesi ya helmeti, majaji walilazimika kuchimbua zaidi ya miaka 30 baadaye nani alichora, nani alifinyanga na nani aliminya plastiki, na Lucasfilm walikuwa na uwezo wa kulipia uchimbaji huo. Sisi hatunao. Kwa hiyo nawaomba watayarishaji na mafundi mlioko humu: kabla kamera haijawashwa kwenye kazi yenu ijayo, andikeni ukurasa mmoja na msaini wote wawili. Uandikwe nani mwenye umbo, nani ataitunza kalibu, na nakala zikija kuuzwa, fundi atapata asilimia ngapi.