Soma Hati Kabla ya Kulipa



Hati ni ahadi iliyoandikwa. Mkataba wa huduma unaobandikwa katika afisi ya umma hutaja huduma, stakabadhi zinazohitajika, ada na muda wa kungoja. Palipoandikwa "bure", mwananchi asitoe hata shilingi. Akidaiwa, aonyeshe mkataba huo. Asiposikizwa, apeleke malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo haitozi ada.

Vyuo vikuu navyo vina hati yao, inayoitwa chata. Wakazi wa Bungoma wanaijua thamani yake. Kibabii kilianza mwaka wa 2011 kikiwa chuo kishiriki cha Masinde Muliro. Mwaka wa 2015 kilipewa chata na Rais, kikawa chuo kikuu kamili chenye mamlaka ya kutoa digrii kwa jina lake.

Basi mzazi anayeuza mahindi ili alipe karo aulize kwanza: je, chuo hiki kimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu? Mahindi yakishauzwa hayarudi ghalani.

Someni, ulizeni, daini haki yenu.