Kuzaa Si Kazi, Kazi ni Kulea

Somo: Esta 2:5-11, 20

Leo twataka kufikiri pamoja nanyi juu ya mtoto anayelelewa na mtu asiyemzaa.

Mwaka wa 1998 alizaliwa Kilifi, huko pwani yetu, msichana aitwaye Sabrina Simader. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu alikwenda na mama yake kukaa Austria, nchi ya Ulaya yenye milima mirefu, ambako wakati wa baridi theluji hufunika kila kitu. Baba yake wa kambo alikuwa na mtambo wa kuwavuta watu mpaka juu ya mlima, ili wapate kuteremka kwa kuteleza juu ya theluji. Yeye ndiye aliyemwingiza mtoto huyu katika mchezo huo, angali mdogo hivyo.

Sasa sikilizeni jinsi mtoto afundishwavyo mchezo huu. Miguuni hufungiwa vibao viwili virefu vyembamba. Tungedhani ya kwanza ni kwenda mbio, lakini ya kwanza ni kusimama. Mtoto hukutanisha ncha za mbele za vibao vyake na kuvipanua kwa nyuma, mfano wa kabari, na mwendo hupungua mpaka ametulia. Tena hufundishwa kuinuka, kwa maana kila mtoto huanguka, na huanguka mara nyingi. Akiisha kuyajua hayo hujifunza kupinda huku na huku, vibao vyake vikienda sambamba. Mwisho ndipo huletwa kwenye mashindano. Hapo milingoti husimikwa mlimani kuwa malango, naye lazima apite kila lango. Akikosa lango moja tu, mbio zake hazihesabiwi, hata angekuwa mwepesi kuliko wote.

Mambo hayo hayajulikani kwa siku moja. Ni kazi ya miaka, na katika miaka hiyo mtu mzima lazima awepo: wa kumwamsha mtoto asubuhi ya baridi, wa kumngoja chini ya mlima, wa kulipa gharama, nazo ni nyingi.

Mwaka wa 2016 Sabrina alishindana katika Olimpiki ya vijana huko Lillehammer, Norwe. Mwaka wa 2018, akiwa na miaka 19, alibeba bendera ya Kenya katika Olimpiki ya Majira ya Baridi huko PyeongChang, Korea Kusini. Kabla yake Philip Boit alikuwa ameiwakilisha Kenya huko Nagano, Japani, mwaka uleule wa 1998 aliozaliwa Sabrina. Lakini mwanamke wa Kenya hakuwa amefika bado katika michezo hiyo. Sabrina alikuwa wa kwanza. Hakupata medali. Na yule baba wa kambo hakuiona siku hiyo, kwa kuwa alikuwa amefariki miaka kadhaa kabla yake. Lakini aliyomfundisha mtoto yalikuwa yangali miguuni mwake.

Katika somo letu twakutana na Mordekai. Esta alikuwa yatima. Baba na mama wote wawili wamekufa. Mordekai alikuwa jamaa yake tu, lakini alimtwaa akawa binti yake. Tazameni mambo mawili. La kwanza, Esta alipochukuliwa katika nyumba ya mfalme, Mordekai alipita mbele ya ua kila siku apate kujua hali yake. Hakusema, "Nimemlea, sasa yatosha." La pili, katika mstari wa 20 twasoma ya kwamba Esta aliendelea kumtii kama alivyomtii alipokuwa akilelewa naye. Malezi yalimfuata mpaka ndani ya jumba la kifalme, na kwa malezi hayo watu wengi waliokolewa.

Ndugu zangu, katika nyumba zetu nyingi yupo mtoto wa namna hii. Labda alikuja na mama yake alipoolewa. Labda ni mtoto wa dada yetu aliyefariki. Twampa chakula na mahali pa kulala, nasi twahesabu tumemaliza. Lakini wengine wakiketi kusoma, ni nani anayetumwa maji? Karo ya shule ikipungua, ni nani anayeambiwa akae nyumbani kwanza? Akivunja sufuria, je, twamkumbusha ya kuwa kwao si hapa? Mtoto akiangushwa na maneno kama hayo, ni nani atakayemfundisha kuinuka?

Hata Bwana wetu Yesu alipokuwa mtoto alilelewa katika nyumba ya Yusufu seremala. Yusufu aliamka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, akakimbilia Misri ili mtoto asiuawe. Mungu alimwamini mtu huyo akamkabidhi Mwanawe. Na leo ametukabidhi sisi watoto hawa. Sisi nasi, je, hatukuwa wageni, naye akatufanya wana katika nyumba yake?

Basi jioni ya leo, kabla ya kulala, na tumwite mtoto yule. Tumwulize habari za shule yake, na tumngoje ajibu. Tumwombee kwa jina lake, wengine wakisikia. Huenda hatutaishi kuona atakapofika. Lakini tuliyoyapanda ndani yake atakwenda nayo.

Na tuombe. Ee Baba yetu, uliyetupokea tusiostahili, utupe mioyo ya kuwapokea watoto uliowaleta milangoni petu. Utusamehe pale tulipowabagua. Uwashike mkono watakapoanguka, uwainue. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.