Visima Vipya, na Nani Anapima Chumvi?

Wasikilizaji, tangazo la wiki hii la kuongeza visima katika ukanda wa pwani ya Unguja mmelisikia, na mabishano yake mmeyasikia: shehia gani imerukwa, mkandarasi ni nani, nani atatangulia kupata maji. Hayo tunawaachia wanaoyabishania. Sisi tunauliza jambo ambalo halikutajwa kabisa. Nani anapima chumvi?

Jambiani, Paje, Makunduchi, kote huko hakuna mto. Mvua ikinyesha inazama kwenye mawe ya matumbawe na kutulia ardhini, maji baridi juu, maji ya bahari chini yake. Wataalamu wana hesabu ambayo kila mwenye pampu anapaswa kuijua: usawa wa maji baridi ukishuka mita 1, mpaka wa chumvi hupanda kiasi cha mita 40. Mita 1 kwa mita 40! Ukivuta kupita kiasi, unaiita bahari ije chini ya shamba lako. Na ikishafika haiondoki kwa masika moja. Hutaka mvua ya miaka.

Mkulima huiona kwenye jani kwanza. Kingo za majani ya maharage zinaungua ilhali shamba lilimwagiliwa jana. Udongo ukikauka, ukoko mweupe unabaki kwenye shina. Mpunga unatoa masuke, lakini ukiyabana kwa vidole hayana punje. Nyumbani sabuni haitoi povu. Minazi inastahimili, kwa hiyo anayepita barabarani anaona kijani na kudhani mambo ni mazuri.

Pemba bahari iliingia mabonde ya mpunga kwa juu, watu wakaiona, matuta yakajengwa. Hii ya chini ya ardhi haizuiliwi na tuta. Dawa yake ni kupima. Nani anapima?

Tumelisema hapa na leo tunalirudia: mara nyingi kisima kinapimwa siku ya kuzinduliwa, mbele ya wageni, kisha basi. Na pale vipimo vinapochukuliwa, vinaishia makabatini. Mwenye shamba hajulishwi. Sheha hajulishwi. Mama anayejaza madumu hajulishwi, mpaka ulimi wake umwambie.

Na wavutaji wanazidi. Sensa ya 2012 ilituhesabu Zanzibar nzima watu milioni 1.3; ya 2022 ikatukuta karibu milioni 1.9. Mwaka 2023 walikuja watalii zaidi ya 638,000. Utafiti uliotolewa mwaka 2012 kuhusu Nungwi, Kiwengwa na Jambiani ulionyesha kaya ya kijijini ikitumia wastani wa lita 93 kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Chumba kimoja! Hatuwachukii wageni, vijana wetu wanakula kwao. Lakini chemchemi ya chini ni moja, na kisima cha hoteli na kisima cha kijiji vinakunywa humohumo. Basi nani anapima kinachovutwa na hoteli? Nani anapima kinachovutwa na tajiri mwenye kisima chake nyuma ya ukuta?

Hatupingi visima. Watu wana kiu, na mkulima hawezi kusubiri vuli pekee. Tunapinga kuchimba gizani. Kila kisima kipya kiwe na mita. Kila kisima, kipya na cha zamani, kipimwe chumvi kila mwezi, hasa kaskazi inapokausha nchi, na matokeo yabandikwe ofisi ya sheha, kwa Kiswahili, kila mtu ayasome. Kipimo chenyewe ni kifaa cha kushika mkononi, kinaingia mfukoni. Chumvi ikipanda, pampu ipumzishwe, awe mwenye pampu ni nani. Na mahoteli yenye mapaa makubwa yavune mvua, maana inayamwagikia bure kila masika.

Wakulima, msingoje jani liungue! Masheha, simameni, ombeni vipimo kwa maandishi! Waheshimiwa wawakilishi, kabla hamjakata utepe wa kisima kingine, ulizeni mbele ya wananchi: chumvi ni kiasi gani leo, na ilikuwa kiasi gani mwaka jana? Mkikosa jibu, msikate utepe. Na ninyi mnaoshika vipimo hivyo, tuleteeni hapa studio. Tutavisoma hewani, shehia kwa shehia, kila wiki.