Tuhesabu Wanaorudi: Maelezo ya Kamati ya Fedha kwenye Harambee



Tumeombwa tueleze kwa nini katika bajeti ya upimaji wa macho fungu la nauli limezidi la vifaa. Wapo walioguna.

Glakoma, ambayo wengi tunaiita presha ya macho, mara nyingi haiumi. Inakula mshipa wa fahamu wa jicho polepole, kuanzia uoni wa pembeni, na kilichopotea hakirudi. Matibabu hulinda kilichobaki, basi. Ukimpima mtu mara moja ukamwacha, umempa habari mbaya tu.

Kule Kongwa, Dodoma, watafiti waliwafuata watu vijijini. Kati ya 3,641 wenye miaka 40 na zaidi walipimwa 3,268, na asilimia 4.16 walikutwa na glakoma. Baadaye, kati ya 2015 na 2017, KCMC Moshi waliandikisha wagonjwa 201. Wengine walipewa matone ya timolol, wengine leza, wakafuatiliwa mwaka mzima. Matone yalifanikiwa kwa macho 55 kati ya 176, leza kwa 99 kati ya 163. Leza ilishinda, lakini sisi wa mahesabu tuliona pia jambo jingine: yaliingia macho 382, matokeo ya mwaka yakahesabu 339. Ikiwa hospitali ya rufaa yenye daftari la ufuatiliaji inapungukiwa, itakuwaje kambi yetu ya siku mbili?

Na kwetu kuna mengine. Baba yuko machimboni Kakola, kurudi hajui lini. Bibi naye ana haki ya kusita akisikia jina lake linaandikwa kwa habari ya macho. Mkoani kwetu vikongwe wameuawa kwa macho mekundu, wekundu wa moshi wa kuni. Asifuatwe na mgeni mwenye karatasi. Aletwe na mwanawe.

Kwa hiyo nauli hiyo ni ya mgonjwa na msindikizaji wake, kwenda kliniki na kurudi, mwaka mzima. Ndugu zake wa damu nao tutawaita, maana ugonjwa huu hufuata ukoo.

Fomu ziko mezani kwa mhazini. Andika jina la mzazi wako, mtaa wake, na simu ya atakayempeleka. Mchango bila majina tutaupokea kwa shukrani, ila nafasi ya msindikizaji msiiache wazi.